Maneno ya Big Mummy nimeyashona kwenye kitambaa, sasa hanipigii simu

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi kusini mwa London, upande wa Peckham. Nilikuja Uingereza kufanya kazi ya kutunza wazee na kazi hiyo ninayo mpaka leo, zamu za usiku. Mume wangu ni Mnigeria, Myoruba wa Abeokuta. Tuna watoto wawili na nyumbani hatuna ugomvi. Ninalokuandikia linamhusu shangazi yake, ambaye ukoo mzima na nusu ya mtaa humwita Big Mummy.

Big Mummy ana duka la vitambaa karibu na Rye Lane. Mbele anauza lesi, ankara na vilemba vya gele; nyuma kuna chumba cha mafundi, cherehani nne na pasi ya mvuke isiyozimwa. Kwa asiyewajua Wanigeria, nieleze kidogo: shughuli kwao haina mzaha. Mtu akitimiza miaka sitini, akiozesha mtoto au akimzika mzazi wake mzee, anachagua kitambaa, na jamaa na marafiki wanakinunua ili siku hiyo wavae sare. Wanaiita aso ebi. Kitambaa ni kimoja lakini kila mwanamke anataka mshono wake, na akikuta mwenzake kashonewa vilevile, lawama zinamrudia fundi. Usiku wa shughuli mwenyewe anacheza huku anamwagiwa pesa, noti zinabandikwa mpaka kwenye paji la uso, kama sisi tunavyotunza kwenye taarabu. Magauni hayo yanapita mikononi mwetu, na mteja huja Alhamisi akitaka nguo ya Jumamosi.

Nilipoolewa sikuwa na mtu hapa. Big Mummy ndiye aliyenipokea. Alinifundisha kufunga gele, na kupiga magoti kuwaamkia wakubwa. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mama yangu alinyimwa viza. Big Mummy alimwachia duka mtu mwingine, akahamia kwetu, akanikanda kwa maji ya moto na kunifunga tumbo vilevile ambavyo mama angefanya, na uji ananinywesha kwa kunisimamia. Mume wangu hunikumbusha habari hiyo kila tukibishana, ingawa hana haja. Sijasahau.

Tangu hapo namshonea. Mwanzo ilikuwa kumsaidia tu, sasa ni karibu kila siku nisiyokuwa na zamu. Pesa hunipa akipenda, mara bahasha, mara samaki mkavu na viazi vikuu. Mafundi wengine wanalipwa kwa gauni. Mimi ni "iyawo wa", mke wetu, na kwao mke wa ukoo haulizi bei.

Sasa jambo lenyewe. Vipande vinavyobaki baada ya kukata huwa vinatupwa. Nikaanza kuvichukua na kuviunganisha na kanga zangu za zamani. Napenda zaidi adire, kile kitambaa cha nili cha kwao Abeokuta, ambacho wanawake hukichora kwa uji mzito wa muhogo kabla ya kukitia rangi, ili penye uji pabaki peupe. Pindo nalifanya la adire, mji naujaza lesi na ankara, na pale panapokaa jina la kanga nadarizi maneno. Maneno nayatoa kwenye chumba cha mafundi. Tukiwa kule nyuma usiku, wanawake wanasema mambo ambayo hawayasemi kanisani wala kwa waume zao. Nikifika nyumbani nayageuza Kiswahili, nayaandika kwenye daftari.

Binti wa mteja wetu mmoja anasimamia ukumbi mdogo wa maonyesho. Alikuja kupima gauni, akakuta kimoja nimekitandika kwenye kiti, akaomba kuona vingine. Anataka kuvitundika vinane Oktoba, ambao Uingereza ni Mwezi wa Historia ya Watu Weusi, na tarehe 1 Wanigeria wana sikukuu yao ya uhuru. Mama, mimi sijawahi kuitwa msanii na mtu yeyote. Nililia kwenye basi.

Jumapili moja Big Mummy akapitia nyumbani kutoka kanisani, nikamwonyesha nikijua atafurahi. Akaangalia kimoja kimoja, anasifu mshono, anauliza maneno, anacheka. Tukafika kwenye kile kikubwa, nikipendacho kuliko vyote. Kimeandikwa NYUMBA YANGU IKO KWENYE SIMU. Akaniuliza maana yake, nikamwambia. Akakikunja vizuri, akakiweka juu ya vingine, akaomba maji ya kunywa, akaaga.

Maneno hayo ni yake. Kwa miaka alikuwa akimtumia mdogo wake pesa amjengee nyumba Abeokuta, na mdogo mtu akituma picha: msingi, kuta, bati, madirisha. Alipokwenda mwenyewe kuzika, akakuta kiwanja cha majani na rundo la tofali. Nyumba ya kwenye picha ilikuwa ya mtu mwingine. Alitusimulia usiku mmoja tukibandika mawe kwenye gauni la bibi harusi. Akasema, nyumba yangu iko kwenye simu, nikitaka kulala ndani nafungua picha. Sote tulicheka, na yeye alicheka. Ukoo haujui. Wanaamini nyumba ipo na ina wapangaji. Hata mume wangu sijamwambia.

Nilijifariji kwamba ni Kiswahili, nani atajua. Lakini mwenye ukumbi anataka kila kitambaa kiwe na karatasi pembeni inayoeleza maneno kwa Kiingereza.

Toka siku ile Big Mummy hanipigii simu. Kwa mume wangu ametuma ujumbe kwamba mambo ya dukani yabaki dukani, na kwamba vipande vile ni mali ya wateja. Hoja ya vipande imeniudhi, maana nimevitoa kwenye mfuko wa taka mbele ya macho yake. Juu ya hayo, kuna oda ya magauni arobaini ya shughuli ya miaka sitini, na imeangukia wiki ileile ya maonyesho. Alishamwahidi mteja kuwa mimi nitakuwepo.

Mume wangu anasema maonyesho yatakuja mengine, Big Mummy ni mmoja. Nikikiondoa kile kitambaa, naona nimeondoa roho ya kazi yangu. Nikikiacha, sina adabu. Nikikataa magauni, sina shukrani. Nifanyeje?

Mshona Vipande, London

*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza nikutoe hofu. Mambo kadhaa katika barua yako nimeyabadilisha kabla ya kuichapa, yakiwamo maneno yaliyo kwenye kitambaa. Uliyoyashona siyo haya, ila yanakaribiana. Nilifanya hivyo kwa sababu nilipomaliza kusoma nilijiona na mimi nimeshika siri ya mwanamke ambaye hajaniomba nimshikie.

Unachoniambia, kama nimekuelewa, ni kwamba umepata nafasi uliyokuwa hata huitaji kwa sauti, na mtu aliyekulea ugenini amekaa katikati ya njia. Una hasira naye, na unaona haya kuwa na hasira naye. Halafu kuna magauni arobaini. Mimi naona mambo mawili hapa, na nadhani sehemu ya uzito unaousikia inatokana na kuyabeba pamoja. Moja ni la kitambaa kimoja, siyo vinane. La pili ni la kazi unayomfanyia Big Mummy, na hilo lilikuwepo kabla ya Oktoba.

Nianze na kitambaa. Unasema amekasirika kwa ajili ya vipande. Umejuaje? Ujumbe umeletwa na mume wako, na mume wako hajui habari ya nyumba. Hebu jiweke mahali pake. Anataka kukuzuia, lakini sababu yenyewe hawezi kumwambia mpwa wake, kwa kuwa akiisema ameshaitoa siri. Angesema nini? Angetafuta neno lolote la dukani, vipande, wateja, mali. Mimi nikisoma ujumbe ule sioni mtu anayegombea mfuko wa taka. Naweza kuwa nimekosea, ila naomba ulifikirie hilo kabla hujapanga majibu ya hoja ambayo pengine yeye mwenyewe haiamini.

Wewe ni mtu wa Tanga, sihitaji kukufundisha kanga inavyofanya kazi kwetu. Mwanamke akitaka kumpasha jirani yake hamfuati mlangoni. Ananunua doti yenye maneno anayoyataka, anajifunga, anapita mbele ya kibaraza mara mbili. Akiulizwa, amependa rangi. Aliyelengwa anajua, na mtaa unajua. Kwa hiyo uliposhona maneno yake mahali pa jina, mkono wako ulikuwa unamheshimu, hilo nakuamini, lakini ulitumia chombo ambacho pwani nzima inakijua kwa kazi nyingine. Big Mummy hakukulia kwetu, ila kwao nako vitambaa vinasema. Ukivaa aso ebi umeshaonyesha uko upande wa nani, na usipoinunua nalo limeonekana. Adire nazo zina majina. Iko iitwayo Ibadandun, ya kuusifu mji wa Ibadan, yenye nguzo za ukumbi wa Mapo. Mwanamke aliyeuza vitu hivyo maisha yake yote hakuhitaji karatasi ya Kiingereza pembeni ili aelewe amewekwa wapi.

Hapo hapo nisikuonee. Maneno yanayosemwa mbele ya cherehani nne si kitu kilichofungiwa kabatini. Alisema, mkacheka, naye akacheka. Kati ya wanawake wote waliosikia, wewe ndiye uliyeona kuwa mle ndani mna kitu cha kudumu. Kuchagua ni kazi, kushona ni kazi, na kuyafanya yakae kama jina la kanga ni kipaji. Basi sitakwambia maneno ni yake peke yake. Ninachojiuliza ni kama kucheka kwake usiku ule kulikuwa ruhusa, au kulikuwa namna ya kusema jambo lisilosemeka na kulala asubuhi yake bila kulirudia. Hilo hulijui wewe, sembuse mimi. Analijua yeye.

Kuna jambo jingine dogo nililolirudia kwenye barua yako. Hakukitupa. Alikikunja vizuri, akakiweka juu ya vingine. Sitaki kukutabiria, mtu huweza kukunja kitambaa vizuri kwa mazoea ya duka tu. Lakini nimewaona watu waliotukanwa, na hawakunji.

Una njia kadhaa na kila moja ina gharama. Unaweza kukitoa kile kimoja na kutundika saba. Usalama upo, ila nakuonya: ukikitoa kimyakimya bila kuzungumza naye, atajua umekitoa kwa kuogopa, na wewe utakuwa umekitoa kwa kinyongo, na kinyongo hicho kitakaa kwenye kila pindo la gauni utakalomshonea. Unaweza kukitundika bila karatasi ya maelezo. Hilo linavutia, lakini Peckham mna Waswahili, na mwenye ukumbi ataulizwa, na wewe siku ya ufunguzi utasimama pale mpwa wake yuko kando yako anauliza maana. Utamdanganya mumeo mbele ya kazi yako mwenyewe? Unaweza kubadilisha maneno kidogo. Nalo nimelifikiria, ila msanii ni wewe, utajua kama kitambaa kitabaki hai.

Halafu kuna kumwomba. Usiione njia hii kuwa nyepesi kwa vile inasikika ya adabu. Ukiomba ruhusa ya kweli lazima uwe tayari kusikia hapana, na ukishasikia hapana huwezi tena kukitundika na kubaki mtu yuleyule kwake. Kama moyoni umeshaamua kukitundika kwa vyovyote, afadhali usiombe. Lakini kama uko tayari, yapo ya kumwambia ambayo huenda hajayawaza. Aibu anayoificha si ya kwake peke yake. Kwa makadirio ya Benki ya Dunia, Wanigeria walio nje wamekuwa wakituma nyumbani takriban dola bilioni 20 kwa mwaka, na sehemu ya pesa hizo huenda kwenye saruji na bati. Watakaosimama mbele ya kitambaa hicho Oktoba, wengi watadhani kinawasema wao, au shemeji zao. Mwambie hivyo, ila usimwambie kana kwamba umeshinda kesi. Kwake bado ni mdogo wake, na ni msiba aliokwenda kuzika siku ileile alipogundua.

Namfikiria pia Njideka Akunyili Crosby, mchoraji aliyezaliwa Enugu na anayeishi Los Angeles. Picha zake zimejaa jamaa zake, meza za chai, sebule, na picha za albamu za nyumbani alizozihamishia kwenye karatasi. Ukiziangalia unajua umeingia nyumbani kwa watu, lakini waliokaa mezani hawakwambii walichokuwa wanazungumza. Sisemi ufanye kama yeye, wewe kazi yako ni maneno. Nasema tu yapo mengi ya chumba kile cha nyuma yanayoweza kuonekana bila kusikika: mikono, mawe, bahasha, yale magauni ya Alhamisi.

Na niulize la pembeni. Je, kuna mtu yeyote aliyewahi kumwita Big Mummy msanii? Anafunga gele, anachagua rangi za ukoo mzima, anakata lesi ya bei ya mshahara bila kutetemeka. Kisha mwenye ukumbi ameingia dukani kwake, akapita mbele yake, akamchagua mke wa mpwa. Huenda hilo halimuumi hata kidogo. Ila kama linamuuma, hatakwambia, na halitaingia kwenye ujumbe wa kutumwa kwa mtu.

Sasa magauni. Umeandika kwamba kwao mke wa ukoo haulizi bei. Na kwetu je? Ungekuwa Tanga unamshonea mama mkwe, ungempelekea hesabu? Desturi hiyo haikutoka Nigeria, usiwabebeshe wao. Nionavyo, mlianza wewe kusaidia na yeye kupokea, na hakuna aliyeweka siku ya kusema sasa hii ni kazi. Alipokukanda kwa maji ya moto alikuwa anakudai? Wewe ndiye unayeijua sauti yake, mimi najua tu kwamba katika barua yako mume wako ndiye anayekukumbusha, yeye sijaona mahali amekukumbusha. Pia ni kweli kwamba neno "familia" limeficha madeni mengi ya mshahara katika miji mingi, na wenzako waliokaa cherehani ya pili wanalipwa kwa gauni. Ukisikia uchungu hapo, huo si utovu wa shukrani.

Hivyo sioni kama ni magauni yote au hakuna. Oda ya arobaini haishonwi wiki ya mwisho, unajua kuliko mimi. Unaweza kukata na kuunga mapema, Septemba, ukawaachia wengine mawe na pindo. Unaweza kuchukua kumi. Unaweza kusema wiki ile sipo kabisa, na hapo uwe tayari kwa maneno, kwa kuwa ameshamwahidi mtu kwa jina lako bila kukuuliza, na mtu aliyezoea kutokuuliza hushtuka akikataliwa mara ya kwanza. Mshtuko huo unapita kwa wengine. Kwa wengine haupiti, na sitaki uingie ukidhani lazima upite.

Kwa mume wako, kitu kimoja tu. Muulize mumeo, Big Mummy alitumia maneno gani hasa, kama alivyoyasema, bila tafsiri yake. Kisha mwachishe kazi ya kubeba ujumbe. Amekaa kati ya watu wawili wanaojua jambo asilolijua, na kila anachoshauri anakishauri gizani. Usimwambie siri ili akuelewe. Hilo la kumwambia au kutomwambia ni la shangazi yake.

Kama utakwenda, nenda siku duka limefungwa, usiende na watoto, na kibebe kitambaa chenyewe. Piga magoti kama alivyokufundisha. Usianze na maonyesho, muulize kwanza habari ya ile nyumba, imefikia wapi, maana toka usiku ule naona hakuna kati yenu aliyemuuliza. Mwenye ukumbi naye mpigie umwulize siku ya mwisho ya kumpa orodha, ili usiende kwa Big Mummy ukiwa na haraka usoni. Na habari ya malipo msiizungumze siku hiyo. Ipe siku yake, tena mbele ya daftari la oda.